Samaki wa Marehemu na Pipa la Mvua

Ndugu zangu, kisa cha leo nimekitunga mwenyewe, msije mkatoka hapa mkaanza kuulizana ni nani yule.

Kulikuwa na bwana mmoja, mkazi wa bara huku huku. Mkewe alikuwa mtu wa Tanga, na alipoolewa alikuja na mapenzi yake: samaki wa baharini, wadogo, wa rangi rangi, akiwafuga sebuleni ndani ya tangi la kioo. Na maji yao ni ya baharini hasa. Mdogo wake wa kike aliyachota kule Tanga, akayatuma kwa basi, dumu baada ya dumu. Mnacheka? Mapenzi ndiyo hayo, jamani.

Mke akafariki. Bwana akabaki na nyumba na samaki, akaapa hawa hatawapoteza. Kila maji yakipungua tangini, anafungua dumu, anaongeza maji ya bahari, kisha anakaa mbele ya kioo anawatazama. Jirani akibisha hodi, "Bwana, njoo tule," anajibu, "Siku nyingine." Watoto wakipiga simu, hapokei. Alimkumbuka mkewe mpaka kifua kikawa kinamuuma, na mimi simlaumu.

Lakini samaki wakaanza kufa. Akafa mmoja, akafa mwingine, mpaka akabaki yule wa manjano peke yake, ambaye marehemu alimpenda kuliko wote, amelala chini anahema. Siku hiyo shemeji yake wa Tanga akaja kumjulia hali, dumu mkononi. Bwana akalipokea mbio mbio, akalifungua amimine.

"Shemeji, ngoja kwanza," yule mdogo wa marehemu akasema. "Maji yakikauka huwa unaongeza haya?"

"Haya haya. Nimpe nini kingine? Anaikumbuka bahari huyu, kama mimi ninavyomkumbuka dada yako."

"Kinachokauka ni maji, shemeji. Chumvi haiendi popote, inabaki humo humo, na wewe unaongeza nyingine juu yake. Dada haya aliyatumia akiwabadilishia maji. Yakikauka tu, aliongeza ya mvua, yale ya pipani hapo nje."

Bwana akatazama nje. Pipa limejaa pomoni, na kila asubuhi alikuwa akilipita. Akakaa chini akalia. Kisha akainuka, akatafuta kikombe.

Mnataka kujua samaki alipona? Alipona. Ninayemhofia ni mwenye samaki.

Kwani sisi tukoje? Tukifiwa tunajifungia na nguo za marehemu, na picha zake, na sauti yake kwenye simu. Majonzi tunayamiminia majonzi. Sisemi msiwakumbuke. Samaki yule bila chumvi asingeishi, na sisi tukiwasahau wapenzi wetu tutakuwa watu gani? Mimi mama yangu namkumbuka kila nikisikia harufu ya vitumbua, na huwa natamani aniite hata mara moja tu. Lakini kilichokauka ndani yetu ni nini? Ni maji ya kawaida: kucheka na mtu, kula sahani moja, kusalimiana mlangoni. Hayo hatuyaongezi, tunaona tutawakosea waliotangulia. Nani katuambia wanataka tukauke?

Basi tukishasali, usikimbilie viatu vyako. Jirani akikuambia twende tukanywe chai, safari hii usimwambie siku nyingine.