Wasichana Sita Chini ya Leso

Wapendwa, mnaijua ile desturi ya siku ya mahari. Wasichana wanafunikwa leso kuanzia utosini hadi miguuni, wanapangwa mstari, na bwana harusi anaambiwa, "Haya, mchukue wako." Akikosea, anatozwa mbuzi na kuchekwa mpaka basi.

Sasa, palikuwa na dada wawili, na aliyeposwa kwanza ni mdogo. Mkubwa alipika, akafagia, akatabasamu hadi mashavu yakamuuma, lakini moyoni alikuwa anachemka. Shangazi yao, ambaye mdomo wake hauna breki, akamwambia, "Wewe baki jikoni. Ukisimama pale, wageni watauliza mbona mkubwa bado yupo."

"Dada asiposimama, nami sisimami," akasema mdogo.

Mnadhani yule mkubwa alifurahi? Wapi! Alikuwa amewasikia wachumba wakipanga ishara yao ya siri: binti atatikisa bega la kushoto. Akaazimia kulitikisa la kwake. Afunuliwe yeye, wageni wacheke, na mdogo wake aaibike kwamba hata mchumba wake hamjui.

Wasichana sita wakafunikwa, wale dada wakisimama pamoja. Ndipo mdogo akanong'ona, "Dada, ishara yetu ni bega la kushoto. Chunga usilitikise kwa bahati mbaya, wakufunue wewe. Sitaki wakucheke. Wamekusema vya kutosha."

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Dada mkubwa alilia kimya humo ndani ya leso, kwa aibu ya kile alichokuwa amekipanga.

Bwana harusi akawafikia. Mkubwa akakaza mabega yake yasisogee hata kidogo. Lakini mdogo aliganda kwa hofu, bega halikutikisika. Kijana akasita, akapita, akanyoosha mkono kwa msichana wa mwisho, na ndugu zake wakaanza kuguna. Hapo dada mkubwa akapitisha mkono nyuma, akalisukuma bega la mdogo wake. Kijana akaliona likitikisika, akarudi, akamfunua mchumba wake.

Walimu wa Kiyahudi wa kale walisimulia hivi: Raheli na Yakobo nao walikuwa na ishara zao, na Raheli mwenyewe ndiye aliyempa Lea ishara hizo, ili dada yake asiaibishwe siku ya arusi, baba yao alipomwingiza Lea kwa Yakobo mahali pa Raheli. Sisi tukisoma habari za nyumba ile tunaona ugomvi wa wake wenza tu. Wao waliona pia huruma ya ndugu, na mimi nafurahi kwamba waliiona.

Sasa nisikilizeni. Yule binti mkubwa hakupona wivu siku ile. Alimsaidia mdogo wake huku moyo bado unamuuma. Nasi je? Tunasema, "Mungu akishaniondolea kinyongo, nitampigia ndugu yangu simu." Miaka inapita. Mpigie leo, kinyongo kikiwa bado kipo. Kitaondoka mkiwa mnaongea.