Mvua, Mtandao na Zamu ya Kwanza

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, wala msisinzie, maana nikimaliza kusimulia nitawaachia kazi.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare waliishi watu watatu wenye vipaji. Togolani alikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano. Alizijua antena kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake. Mzava alikuwa mhunzi. Chuma alichokinyoosha hakikupinda tena. Bi Nakadori, mjane mwenye shamba kilimani, kipaji chake kilikuwa kutazama. Mawingu yakijikusanya tu, alijua mvua itashukia bonde lipi na itaruka lipi.

Kijiji kilikuwa na zahanati, zahanati ilikuwa na muuguzi aitwaye Naelijwa, na Naelijwa alikuwa amechoka. Alipohitaji ushauri wa daktari, alimpigia kwa mtandao uliorushwa hewani kutoka hospitali ya ng'ambo ya bonde. Siku za jua, daktari alionekana kiooni mpaka ndevu moja moja. Mvua ikinyesha, aliganda mdomo wazi, kisha akapotea. Na mgonjwa mahututi, kama mjuavyo, hangoji jua.

Masika ile, mama mmoja alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Daktari akapotea katikati ya maelezo, Naelijwa akabaki akikiuliza kioo kitupu, "Nimpe kiasi gani?" Mama yule aliponea chupuchupu. Kulipokucha Naelijwa alimwendea mwenyekiti wa kijiji, akamwambia mvua nyingine ikimkuta hivyo, watafute muuguzi mwingine.

Mwenyekiti akapuliza baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ambayo Mpare haikwepi. Watu walipokusanyika alitangaza kwamba atakayeuzuia mtandao usimezwe na mvua atapewa, kiangazi kikifika, zamu ya kwanza ya maji ya ndiva. Ndiva ni bwawa la kumwagilia. Anayefunguliwa kwanza huvuna. Anayefunguliwa mwisho humwomba Mungu.

Togolani akatangulia. Alieleza kwamba mawimbi ya mtandao ule ni mafupi mno, hayapishani sana kwa urefu na tone la mvua, hivyo matone huyanywa na kuyatawanya njiani. Antena ya zamani, bapa na ndogo kama kitabu, ilitawanya nguvu zake ovyo. Akafunga madishi makubwa, moja zahanati na moja hospitali, yanayokusanya nguvu mahali pamoja kama tochi. Manyunyu yakaja, daktari akabaki kiooni. Ukavuma upepo, akapotea kabla hata ya tone kuanguka.

"Togolani, mdogo wangu," alisema Naelijwa, "zamani nilimkosa kwa mvua. Sasa namkosa na kwa upepo. Huo ndio ufundi?"

Mzava alikuja kutazama, akacheka. Mwanga mwembamba namna hiyo, alisema, mmeufunga kwenye mlingoti unaocheza ngoma, utalenga wapi? Akaacha kupanda mahindi yake, akashinda kwenye mivukuto akifua vyuma vya kuegemeza, na mlingoti ukasimama kama mlima wenyewe. Upepo ukavuma, mvua ya kawaida ikanyesha, daktari akabaki. Ikaja mvua ya kuvunja migomba. Daktari akaganda, mdomo wazi.

Siku hiyo Naelijwa alikizima kioo, akakigeuzia ukutani.

Bi Nakadori ndiye aliyemfuata. Alimwambia kwamba mvua kubwa haifuniki kila mahali. Hushuka kama pazia palepale kwenye kona ya mto wa bondeni, na mtandao wao ulikatiza katikati ya pazia hilo. Kilimani kwake mvua ilipita pembeni tu. Aking'oa maharage yake, wangepata pa kusimika kituo cha katikati, mawimbi yakalizunguka pazia kwa hatua mbili fupi badala ya kulipenya kwa moja ndefu. Akayang'oa mwenyewe, yakiwa na maua. Togolani akaweka madishi, Mzava akasimika mlingoti.

Ikaja tena ile ya kuvunja migomba, na mama mwingine akatokwa na damu. Safari hii daktari alizungumza mpaka neno la mwisho. Mama yule alirudi kwake na mtoto mgongoni.

Kiangazi kikafika, na ugomvi nao. Togolani alidai kwamba bila madishi yake, kilima na vyuma ni mandhari tu, na nyanya zake zilikuwa zinanyauka. Mzava alidai kwamba bila mlingoti wake madishi yale ni masufuria, na mahindi yake, yaliyochelewa kwa ajili ya kazi hiyo, ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Bi Nakadori hakupaza sauti. Alisema shamba lililombakia ni moja tu, la bondeni, na bila kilima chake wangekuwa bado wanatazama mdomo wa daktari.

Mwenyekiti, mjanja, akamtupia Naelijwa uamuzi: shida ilikuwa yake.

Naelijwa akashauri wagawane. Haiwezekani, wakamjibu, maji ya ndiva hufuata mfereji mmoja kwa wakati mmoja. Akashauri wapige kura ya kubahatisha.

"Kwani kipaji changu ni karata?" aliuliza Mzava.

Togolani akasema akinyimwa atayafungua madishi yake. Mzava akasema vyuma ni vyake. Bi Nakadori akasema kilima ni chake, na mbegu za maharage bado anazo.

"Nyinyi watatu," Naelijwa akawaambia, "mvua ilikuwa na nafuu."

Ndiva inafunguliwa kesho, na mvua za vuli haziko mbali. Akimuudhi mmoja wao, atabaki tena akiuliza kioo kitupu huku mtu anatokwa na damu.

Haya, kazi yenu ndiyo hii. Ungekuwa wewe Naelijwa, maji ungeyaelekeza kwa nani kwanza? Na ukishaamua, ungewaambia nini wale wawili?