Liwali wa Kiandalusi na Nyumba ya Mama Yake

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Maghrib alikuwapo mja mwema aliyeitwa Hudheili bin Marwani. Asili yake ilikuwa Andalusi. Vita viliwatoa huko yeye na mama yake, Bi Sukaina, naye angali mtoto wa kubebwa mgongoni, wakavuka bahari bila kitu. Wenyeji waliwapokea vizuri, lakini hawakuacha kuwaita wageni. Hudheili akakua, akasoma, akajulikana kwa uadilifu, hata sultani akamfanya liwali wa mji ule. Kabla yake hakuna Mwandalusi aliyewahi kukikalia kiti hicho, na wengi walinung'unika.

Bi Sukaina hakuyazoea makazi yale. Kila baada ya swala ya alasiri alikaa akiuelekea upande wa kaskazini, iliko Andalusi, na mwanawe alijua anatazama nini.

Ukaja mwaka wa njaa. Ngano iliyobaki katika ghala la mji ilitosha kuwafikisha watu kwenye mavuno, tena kwa kubana sana. Ndipo akaja mfanyabiashara kutoka ng'ambo, jina lake Ghalibu, akaomba faragha na liwali.

"Nyumba ya marehemu baba yako kule Andalusi iko mikononi mwangu," akasema. "Nimemwombea mama yako kibali cha kurudi kuishi humo kwa amani. Niachie ngano ya ghala, na nyumba ni yenu."

Hudheili akamwacha mgeni wake barazani, akaingia ndani kwa mama yake, akamweleza yote bila kuficha.

Bi Sukaina alijifunika uso kwa ushungi, akalia. Halafu akasema, "Usiniulize mimi, mwanangu. Mimi nitakwambia ukubali. Muulize Yule asiyetamani kitu."

Hudheili akatawadha, akaswali rakaa mbili, akabaki juu ya msala mpaka moyo ukatulia. Akatoka.

"Ngano si yangu," akamwambia Ghalibu.

"Watu hawa wanakuita mgeni mpaka leo."

"Ni kweli. Na watoto wao wana njaa."

Ghalibu akaenda zake. Ngano ikagawiwa sawasawa kwa wenyeji na Waandalusi, na nyumba ya liwali ikapata fungu kama la nyumba nyingine. Mvua ikanyesha, lakini Bi Sukaina alikuwa ameshadhoofika. Siku moja asubuhi akamwita mwanawe.

"Nisimulie nyumba yetu."

Hudheili hakuikumbuka ila kwa yale aliyoyasikia kwake. "Ukiingia kuna ua," akaanza, "na kisima mkono wa kulia."

"Wa kushoto."

"Wa kushoto, mama. Na mkomamanga karibu na ukuta."

"Endelea."

Akaendelea, akikosea hapa na pale, mpaka akatambua kwamba hasahihishwi tena.

Alipotoka nje kutoa habari ya msiba, mzee wa soko, aliyekuwa akinung'unika kuliko wote, akamshika mkono. "Liwali, tutamchimbia kaburi pale walipolala mama zetu."

Enyi waumini, hatukusikia kwamba Hudheili aliacha kuitamani Andalusi. Wala Mola wetu hakutukataza kutamani. Ametukataza kukipata tunachokitamani kwa kula haki ya wengine. Amrehemu Bi Sukaina, na ampe huko alikokwenda nyumba ambamo hatatolewa.