Ukiuliza Msimu, Uliza na Kisima

"Ukiuliza msimu, uliza na kisima."

Bi Raya aliyasema maneno hayo bila kuinua macho kwenye ukili aliokuwa akiusuka. Mjukuu wake Warda na mchumba wake Ghalib walikuwa mkekani, simu katikati yao, wakibishana. Walitafuta mwezi mzuri wa kwenda kisiwani kula fungate. Ghalib alishika Januari, Warda alishika Julai, na hapakuwa na wa kumwachia mwenzake.

"Bibi, sisi tunasema habari za fungate. Kisima kimeingiaje?" aliuliza Warda.

Bi Raya akauweka ukili mapajani. "Kimeingia kwa sababu ya bibi harusi mmoja asiyeweza kulala na swali. Methali hii ilianza hivi."

Alikuwako fundi wa kushona kanzu, jina lake Shaame, mtu wa kupima mara mbili ndipo akate. Alipomposa Mize akakubaliwa, alitaka fungate yao wakaile katika kisiwa cha Mwambale, kwa Mzee Vuai, binamu wa baba yake. Lakini waende lini? Akamuuliza kila aliyepata kufika huko. Masika, wakamwambia, utatembea na matope hadi magotini. Kipupwe bahari inachafuka, bibi harusi atafika anatapika. Vuli ni mbu. Kaskazi ndiyo, wakasema, bahari imetulia kama maji kwenye sinia, na wingu hulioni hata la dawa. Basi harusi ikasogezwa, ikasogezwa tena, kungoja kaskazi.

Mize akangoja. Alikuwa mtu wa kungoja na kutazama.

Wakafika Mwambale, na yote waliyoambiwa yakawa kweli. Bahari ilitulia, mbingu nyeupe. Bi Time, mkewe Mzee Vuai, akashika nafasi ya somo wa bibi harusi, wa kumtunza na kumfunda. Kila asubuhi alimletea Mize mtungi wa maji matamu, maua ya yasmini yakielea juu. Mize akajisugua singo, ule unga wa manukato wa maharusi, akaoga, na jioni akaoga tena. Shaame, kwa lile joto, alioga hata mchana.

Kwa desturi bibi harusi hatoki nje mpaka siku saba ziishe, kwa hiyo Mize alikuwa na dirisha tu. Kwenye dirisha hilo aliona kanga za Bi Time zikianikwa, na zikikauka zilibaki na mistari myeupe. Aliona kuku wakidonoa ardhi penye unyevu, pale mtungi ulipowekwa. Aliona pia kwamba midomo ya Bi Time imepasuka, na kila akikaribishwa chai husema ameshakunywa.

"Somo, mbona kanga zenu zina chokaa?"

"Jua la kisiwani, mwanangu. Geuka nikusugue mgongo."

"Na hiyo chai unainywa saa ngapi?"

"Hee, umeolewa au umeajiriwa upolisi? Geuka."

Mize akageuka, lakini swali halikugeuka.

Siku ya nne asubuhi Shaame alikwenda na Mzee Vuai kuwaamkia jamaa. Bi Time alitoka na mtungi akakawia. Mize akajifunika gubigubi, akapita mlango wa uani, akafuata njia aliyokuwa akimwona Bi Time akiishika. Alijua akionekana atasemwa. Lakini alikwenda.

Kisima kilikuwa nyuma ya miti ya mikadi. Wanawake walikaa na mitungi yao, kimya kama watu wa msibani. Mmoja alikuwa ameteremka ndani kabisa na kata ya kifuu, akichota maji kama anayekwangua ukoko wa wali. Kila nyumba ilipata mtungi mmoja tu. Zamu ya Bi Time ilipofika, mtungi wake haukujaa. Jirani yake akaujazia kata moja kutoka kwenye wake. "Hayo ya bibi harusi," akasema. Bi Time akashukuru, akauweka kando, akachukua ndoo na kwenda kisima cha pili, kile cha pwani ambacho mbuzi tu ndio walikuwa wakinyweshwa.

"Nani huyo kajigubika kama mwizi wa kuku?" sauti ikauliza. Wakamtambua kwa hina ya miguuni. "Loo, bibi harusi katoka. Bwana kamfukuza nini?"

Wakacheka. Mize hakucheka. Bi Time aliporudi, Mize alichovya kidole kwenye ndoo yake, akalamba. Maji yalikuwa ya chumvi.

Nyumbani, Shaame aliposikia, akaanza kufunga mzigo. "Tunaondoka leo."

"Kaa chini," alisema Mzee Vuai. "Ukimrudisha mkeo siku ya nne, mjini watasema umemkuta na ila. Nani atasadiki habari ya maji? Ataimbwa ngomani mpaka azeeke."

Mize alijua hilo ni kweli.

"Lakini niliuliza, mzee wangu," alisema Shaame. "Niliuliza watu wote."

Bi Time akamjibu kwa upole. "Uliuliza msimu, mwanangu. Kisima hukukiuliza. Mbingu inayokufurahisha wewe, sisi ndiyo inayotukausha."

"Basi tutabaki, tuoge maji mnayooga nyinyi," akasema Shaame.

"Mgeni wangu haogi maji ya chumvi nikiwa hai," akasema Mzee Vuai.

Mize akainuka. Akaiendea ndoo ya pwani, akachota, akanawa uso na mikono yenye singo. Singo ikagandamana, macho yakamwasha mpaka yakatoa machozi.

"Sasa mimi si mgeni tena," alisema. "Ule mtungi mtamu ni wa kunywa, na tutakunywa sote."

Akamimina kikombe cha kwanza, akampa Bi Time kwa mikono miwili. Bi Time akanywa bila kupumua. Mzee Vuai akatazama ukutani.

Siku saba zilipotimia wakarudi mjini. Wanawake waliompokea Mize walifungua furushi la nguo wakitaraji harufu ya udi, wakakuta kanga zina mistari myeupe.

"Mwanangu, mlikwenda fungate au kuuza chumvi?"

Mize akawaeleza kisa chote, na maneno ya Bi Time yakaanza kutembea mdomo kwa mdomo.

Masika yalipoingia, wakati hakuna mgeni anayekwenda Mwambale, Shaame na mkewe walirudi. Matope yalikuwa hadi magotini, kama alivyoambiwa. Bi Time walimkuta chini ya mchirizi wa paa, kichwa wazi, maji yakimtiririka kwenye nywele, mitungi imejaa kumzunguka.

"Ndiyo mnakuja sasa, na mvua yote hii?"

"Safari hii tulikiuliza kisima," alisema Shaame.

Bi Raya akauokota ukili wake.

Warda aliitazama simu. "Hapo wameandika nini juu ya maji?"

Ghalib akasoma juu, akasoma chini. "Wameandika jua tu."

"Basi mpigie mwenyeji."

Akapiga. Simu ilipokuwa ikiita, Warda akamwegemea, akanong'ona, "Ukiuliza msimu..."

"Uliza na kisima," akamalizia Ghalib, na upande wa pili mtu akaitika.