Pumzi Moja, Shamba Moja

Sogeeni, na anayetaka kucheka akachekee kwao. Hadithi hii naianza na hasira na nitaimaliza na hasira.

Mnapenda sana kusema "kwa pumzi moja". Harusini, mikutanoni: tulikubali kwa pumzi moja, tuliimba kwa pumzi moja. Mnajua usemi huo ulitoka wapi? Ulitoka kwetu Kirongaya, huku juu milimani Upare, kwenye ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mashamba. Mlinzi wa ndiva ni mimi, Naetwe. Kizibo cha mfereji nakifungua mimi, kwa zamu.

Mwaka ule wa ukame liliporomoka jiwe, kubwa kama jiko la kuni na mpishi wake ndani. Likaziba mdomo wa mfereji, likapasua na ukuta wa ndiva. Maji yakawa yanavuja kwenda korongoni, na mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Nikapiga baragumu la msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ambayo halipwi mtu wala hasifiwi mtu. Wakaja watu arobaini, wakafunga kamba, wakavuta. Kuvuta gani kule! Huyu anavuta, yule anahema, mwingine anajikuna. Siku mbili nzima, jiwe halikutikisika.

Hapo nikafanya upumbavu ambao hakuna mlinzi aliyewahi kuufanya. Nilipayuka mbele ya watu wote: "Atakayelitoa jiwe hili, maji ya kwanza ni yake!"

Wa kwanza kutoka alikuwa Nakijwa, mjane mwenye sauti ambayo kwenye kwaya kila Jumapili anaombwa aipunguze. Alitupa kamba, akapanda juu ya ukuta. "Nyamazeni! Nikisema 'Pumzi!' jazeni vifua. Nikisema 'Hee!' vuteni. Atakayevuta kabla yangu atanijua!" Wakajaza vifua pamoja, wakavuta pamoja. Jiwe likatikisika.

Lakini nusu ya kamba ilikuwa imepinda kona, karibu na pale maji yaliyovuja yanapoporomoka kwa kishindo, na wa kule hawakusikia kitu. Ndipo akatoka Mrutu, fundi viatu, ambaye hasikii tangu utotoni na husoma midomo ya watu vizuri kuliko sisi tunavyosoma barua. Akasimama pale konani, akavua shati lake jekundu. Kifua cha Nakijwa kikipanda, shati juu. Mdomo ukifunguka, shati chini. Wa nyuma wakafuata shati, wa mbele wakafuata sauti, na jiwe likapanda ukingoni.

Likipanda hatua moja, linarudi hatua moja! Maana watu wakiachia ili wavute pumzi, nalo linateleza. Akatoka Senkondo, mbishi asiyepatana hata na kuku wake, akaingia nyuma ya jiwe na kulizuia kwa mgongo. Wenzake wakipumua, yeye amebana pumzi, amelishikilia. Ngozi ilichubuka, damu ikalowanisha suruali. "Msinitazame!" akafoka. "Vuteni!" Mara ya tisa jiwe likaenda zake korongoni.

Ndiyo "pumzi moja" yenu hiyo. Mmoja hakuisikia, mwingine hakuivuta, nanyi mnaisema harusini mkiwa mmeshika soda.

Sasa sikilizeni nilipoingia matatani. Maji yaliyobaki yalifika magotini. Mfereji ulikuwa mkavu, unameza kabla ya kufikisha. Yangetosha shamba moja tu. Ukiyagawa, hayafiki popote. Na mahindi ya hao watatu yalikuwa yamenyauka sawasawa, yote ya kufa kesho kutwa.

"Mama Naetwe, bila sauti yangu mngekuwa bado mnajikuna," Nakijwa akasema. "Nina watoto watano. Fungua kwangu."

Mrutu akaonyesha kona kwa kidole, akainua shati lake, akaniwekea mbele ya uso. Kisha akasema kwa ile sauti yake nzito, "Nusu ya watu walikuwa wangu."

Senkondo alinigeuzia mgongo nikaona nyama. Hapo ndipo akatamka, "Sauti na shati vimewahi kubeba jiwe?"

"Na wewe mgongo wako ungelitoa peke yako?" Nakijwa akamrukia. Wakaanza kutukanana, watu waliokuwa kamba moja nusu saa iliyopita! Ukuta unavuja, maji yameshuka kidole, yameshuka vidole viwili. Nikawageukia wale arobaini wanisaidie. Mnajua walisema nini? Bila wa kuwaongoza, bila shati, kwa pumzi moja kabisa: "Si uliahidi wewe, mama? Amua!" Siku mbili hawakuweza kuvuta pamoja, lakini kunisukumia mzigo, hapo wakaweza! Mpaka leo nikikumbuka nawaka.

Nilishika kizibo, nikaamua. Nyumba moja ilivuna. Nyumba mbili hazinisalimii hadi leo, na moja kati ya hizo ilizika mtoto kabla ya mvua kurudi. Kwa hiyo msiniulize nilimfungulia nani, sitawaambia.

Nitawauliza mimi, na mjibu mmoja mmoja, maana hiyo pumzi moja yenu nimeichoka. Kizibo kiko mkononi mwako, maji yanashuka, na hao watatu wanakutazama machoni. Je, ungemfungulia nani?