Vipimajoto vya Paskazia

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Walimaanisha kwamba jambo kubwa haliji bila kubisha hodi. Mwenye busara huiona ishara yake mapema, akajiandaa.

Mwezi Oktoba mwaka 1961, mizabibu ya misheni moja karibu na Sengerema ilisheheni vichala. Mwaka uliotangulia ugonjwa wa ukungu uliviozesha vyote, na wakubwa wa misheni walikuwa wamekata shauri: vikioza tena, mizabibu itang'olewa. Vibarua kumi na wawili wangerudi kwao mikono mitupu, na msimamizi wao, mzee Mayala, pamoja nao.

Aliyepima hali ya hewa shambani alikuwa Paskazia, mjane kijana. Kila alfajiri alisoma vipimajoto viwili, kimoja kikavu, kingine kimevishwa kitambaa chenye maji. Vipimo vyake vikikaribiana, hewa imejaa unyevu. Aliandika daftarini bila kukosa hata siku moja, ingawa vibarua walimcheka kwamba anachunga vioo.

Asubuhi moja alimwendea Mayala mbio mbio.

"Shikamoo, mzee. Vipimo vimekaribiana, leo siku ya tatu; mvua i karibu. Tunyunyize dawa ya ukungu, mrututu na chokaa, leo hii, na zabibu za bondeni zilizokwisha kuiva tuzichume."

"Marahaba. Lakini anga jeupe pe, binti! Nikiziacha wiki moja zitakuwa tamu kama asali. Hayo mawingu yako wapi?"

"Yamo humu." Paskazia akafungua kurasa za mwaka uliopita. "Tazama. Vilikaribiana hivi hivi, na siku ya sita ukungu ukaingia."

Mayala aliikumbuka siku ile, alipogusa kichala kikamporomokea mkononi kama uji.

"Ngosha!" akamwita kibarua wake. "Wewe na wenzako leteni mabomba na vikapu!"

Walifanya kazi hadi magharibi. Siku tatu baadaye mvua ikaanza, ikanyesha juma zima. Safu moja tu ya pembeni, ambayo mrututu haukuifikia, iligeuka nyeusi tii. Nyingine zote ziliiva salama.

Mayala alichuma kichala kizuri kuliko vyote, akamkabidhi Paskazia kwa mikono miwili mbele ya wote.

"Nilikubishia, mwanangu. Ahsante. Umetuokoa sisi na watoto wetu."

Machozi yalimlengalenga Paskazia. "Nami namshukuru Bruda wa misheni aliyenifundisha kazi hii, wakati sikuwa na la kufanya ila kulia."

Mwezi Desemba, masanduku ya zabibu yalivushwa ziwa kutoka Kamanga kwenda Mwanza, mji ukiwa umepambwa kwa ajili ya Uhuru. Ama kweli, dalili ya mvua ni mawingu.