Mama Aliyemalizia Maneno ya Mwanawe

Zzzip. Kimya. Kisha tena, zzzip.

Mwadhini alikuwa bado hajakohoa kwenye kipaza sauti Olfa alipofumbua macho gizani na kuisikiliza sauti hiyo ya zipu kutoka chumba cha pili. Ilifunguliwa taratibu, ikafungwa taratibu, kana kwamba aliyeishika alikuwa mwizi anayechelea kuwaamsha wenye nyumba. Mwizi mwenyewe alikuwa binti yake wa pekee, Tasnim, mtoto wa miaka tisa, akilikagua begi lake la kambi kwa mara nyingine.

"Unamsikia?" Olfa alimgusa mumewe begani. "Hata usingizi hana. Anavyofurahi kuniacha!"

"Anakwenda kambi ya skauti, Olfa, haendi Italia kwa mashua," alijibu Mundhir, uso ukiwa ndani ya mto. "Wiki mbili tu atarudi, mchafu na mwenye njaa. Lala."

Olfa hakulala. Wivu ni mgeni mbaya. Akishaingia nyumbani hakai sebuleni kama wageni wengine, bali huenda moja kwa moja jikoni akaanza kufunua vyungu. Na wivu wa Olfa ulikuwa na jina. Jina lenyewe lilikuwa Raudha.

Tasnim alikuwa na kigugumizi. Tangu alipoanza kuunga maneno, ulimi wake ulinasa kama gurudumu kwenye tope, na kadiri alivyozidi kuusukuma ndivyo ulivyozidi kuzama. Olfa hakuweza kustahimili kuutazama uso wa mwanawe ukiwiva kwa jitihada huku watu wakiangalia pembeni kwa haya. Basi akajifanya ulimi wa mtoto. Dukani, Tasnim akianza, "Na-na-na...", mama humalizia, "Nataka maziwa." Shuleni, mama ndiye aliyemweleza mwalimu kinachomuuma. Mbele ya bibi yake, mama ndiye aliyesimulia ndoto ambazo mtoto aliota. Kwa hiyo mtaa mzima wa kule mjini Kef uliozoea kumwona Tasnim kimya ulimsifu Olfa: mama yule, jamani, anamjua mwanawe kama anavyojua kiganja cha mkono wake!

Ndipo vuli iliyopita shule ilipowakaribisha skauti, na Tasnim akaingia kikosi cha wasichana wadogo kinachoitwa Maua. Kiongozi wao, Raudha, alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba kama ufito, sauti yake imekauka kwa kuimba na kupiga kelele. Kila Jumamosi jioni Tasnim alirudi amevaa skafu yenye harufu ya moshi, na tangu hapo nyumba ikawa haina amani.

"Da-Dada Raudha anakunja nguo hivi."

"Da-Dada Raudha anasema tusiogope mbwa, tusimame tu."

Dada Raudha hivi, Dada Raudha vile! Olfa alitabasamu kwa meno, lakini moyoni wivu ulimla kama kutu ilavyo bawaba. Yeye alikuwa amekesha na mtoto huyu akiwa na homa. Yeye ndiye aliyesoma masomo ya jioni huku mimba ikimlemea, ili mwanawe asije akawa na mama asiyejua kusoma. Leo msichana asiyewahi hata kubadilisha nepi anasifiwa kwa kukunja fulana!

Siku moja Tasnim alifunga kamba ya kuanikia nguo juu ya paa kwa fundo alilofundishwa kikosini. Fundo lilikuwa zuri, limekaza kama ngumi. Mtoto alipokwenda shule, Olfa alipanda paani peke yake, akalifungua na kulifunga upya kwa namna yake. Upepo wa mchana ulipovuma, kamba ililegea, na mashuka yote meupe yakaanguka vumbini.

Bi Mabruka, jirani yao mzee, alikuwa akichambua pilipili kwenye paa lake. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nilikuona, Mama Tasnim! Nilikuona asubuhi ukipigana na kamba! Fundo la mtoto lilikukosea nini?"

"Lilikuwa limelegea, Bi Mabruka."

"Ahaa, limelegea. Na huo mdomo wako umekaza." Mzee akafuta machozi ya kicheko. "Mwanangu, mimi nimelea saba, na sikulea hata mmoja peke yangu. Mkono mmoja haulei mwana."

"Mimi Mungu kanipa miwili, na inanitosha," alijibu Olfa, akikung'uta shuka kwa hasira kana kwamba ndilo lililomtukana.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa alfajiri ile ya zipu. Asubuhi, basi la kikosi lilipowasili, Olfa alimvuta Tasnim kifuani na kumnong'oneza, "Ukichoka, usione haya. Siku ya wazazi nikija, nitakurudisha nyumbani." Alisema kwa upole, lakini ulikuwa upole wa mtego. Tasnim aliitikia kwa kichwa, akapanda basi na kukimbilia dirishani, na basi lilipoondoka alikuwa akiimba na wenzake. Kwa nini katika wimbo maneno yake hayakunasa? Olfa alibaki barabarani kama kuku aliyenyang'anywa kifaranga.

Jumapili ya wazazi ilipofika, alikuwa ameamua. Alikaanga makrudi, vile vitafunio vya unga vyenye tende ndani, akazilowesha asali, akazipanga ndani ya bakuli dogo lenye mfuniko: chakula cha mtoto mmoja tu. Mundhir alikuwa na zamu kazini, kwa hiyo Olfa alipanda teksi ya pamoja peke yake hadi milima ya Ain Draham, bakuli likiwa mapajani na nguo za Tasnim za kurudia nyumbani zikiwa ndani ya mkoba.

Kambi ilikuwa chini ya mialoni iliyobanduliwa magome ya kutengenezea vizibo, mashina yake mekundu kama miguu iliyovuliwa soksi. Langoni alipokewa na Raudha mwenyewe, uso umeungua jua, magoti yamejaa mikwaruzo.

"Karibu sana, Mama Tasnim! Bakuli hilo tunaliweka pale, mezani."

"Hili ni la Tasnim."

"Hapa kambini, chakula kinacholetwa na wazazi ni cha wote," alisema Raudha kwa adabu. "Wako watoto ambao mama zao hawakuweza kuja."

Kabla Olfa hajapata jibu, makrudi zake zilikuwa zimemiminwa kwenye sinia kubwa, katikati ya kuskusi na maandazi ya wazazi wengine, na hazikujulikana tena kuwa ni zake. Hata asali yangu, aliwaza, hata asali yangu ameichukua.

Filimbi ikalia. Kikosi kikajipanga mbele ya bendera kwa makundi madogo, na wazazi wakasimama nyuma ya kamba. Desturi ni kwamba mmoja kutoka kila kundi hupiga hatua mbele, hupiga saluti, na kutoa taarifa kwa sauti: jina la kundi, na kama wote wapo. Kundi la kwanza likataarifu, wazazi wakapiga makofi. La pili, vivyo hivyo. Kisha kutoka kundi la tatu akatoka mtoto mwembamba, skafu imenyooka, vidole vitatu kwenye paji la uso.

Alikuwa Tasnim.

Moyo wa Olfa ulipiga kama twari. Yule msichana amefanya nini? Amemsimamisha mtoto wangu mbele ya halaiki hii yote!

"Kundi la M... M-m-m..."

Shingo ya Tasnim ilikaza. Upepo ulitikisa majani. Hakuna aliyesogea. Raudha alisimama wima mbele yake akimtazama machoni, saluti yake haijashuka.

"M-m-m..."

"Mbayuwayu!" Olfa alipaza sauti kutoka nyuma ya kamba, kwa maana jina lilishonwa wazi kwenye kibendera cha kundi. "Kundi la Mbayuwayu, wote wapo!"

Mkono wa Tasnim ulishuka polepole. Hakulia. Alirudi kwenye mstari kinyumenyume, akainamisha kichwa, na masikio yake yakawa mekundu. Kisha msichana mmoja mwenye pengo, aliyekuwa nyuma yake, alimgeukia Olfa akasema bila jeuri yoyote, kama anayemweleza mgeni choo kilipo:

"Mama Tasnim, sisi huwa tunamngoja."

Aibu ya Olfa ikageuka hasira, kwani hasira ni nyepesi kuibeba. Mstari ulipovunjwa, alimfuata Raudha nyuma ya hema la jikoni.

"Umemweka mwanangu mbele ya watu ili achekwe!"

"Nani amecheka, dada?"

Olfa alijaribu kukumbuka kicheko hata kimoja, hakukipata.

"Sikumteua mimi," Raudha aliendelea. "Wenzake ndio waliomchagua. Kila jioni anatoa taarifa, na anaimaliza. Jioni ya kwanza ilichukua muda mpaka supu ikapoa. Tukainywa baridi, basi."

"Naondoka naye leo hii. Nguo zake ninazo."

Raudha aliutazama mkoba. Kwa mara ya kwanza uso wake ulionyesha umri wake mdogo.

"Ni mwanao. Siwezi kukuzuia, wala sitajaribu. Nakuomba mambo mawili tu. Kwanza, muulize yeye, na akianza kujibu usimsaidie."

"Sasa unanifundisha kumlea mwanangu?"

"Hapana. La pili ndilo kubwa: nakuomba unifundishe mimi." Raudha alikuna shingo kwa haya. "Usiku wa kwanza alilia. Akaniambia, 'Mama hunisugua sikio.' Nikamsugua sikio. Akasema si hivyo. Nikajaribu tena, si hivyo. Kila usiku nasugua, Mama Tasnim, mpaka vidole vinaota sugu, na kila usiku naambiwa sijui. Wallahi, kufunga mafundo najua, kuwasha moto kwenye mvua najua, lakini sikio la mtoto huyu limenishinda. Wewe husuguaje?"

Olfa alitaka kubaki na hasira yake. Aliishikilia kama mtu anayeshikilia mwavuli kwenye dhoruba, lakini ikamponyoka. Kicheko kilimtoka, kikafuatwa na machozi ambayo hakuyaalika. Kumbe kila usiku, alipokuwa kitandani Kef akidhani amesahauliwa, jina lake lilikuwa likitajwa ndani ya hema!

"Nyuma ya sikio, si mbele," alisema, akimshika Raudha kidole gumba na kukipeleka nyuma ya sikio lake mwenyewe. "Hapa penye mfupa. Taratibu, kama unafuta wino usiotaka kutoka."

"Hivi?"

"Taratibu zaidi. Ndiyo. Hivyo."

Wanawake wawili walisimama nyuma ya hema, mmoja akimsugua mwenzake sikio, na mpishi aliyetokea na sufuria akageuza njia haraka.

Baadaye Olfa alimkuta Tasnim ameketi kwenye gogo, akichokonoa udongo kwa kijiti. Alikaa kando yake.

"Nimekukosea," alisema. "Ilikuwa taarifa yako." Akavuta pumzi. "Sasa nakuuliza, na nitangoja. Unataka turudi nyumbani, au unataka kubaki?"

"Na-na-na..."

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Olfa, tamu kuliko asali: *Nataka kurudi nyumbani.* Alilijua. Angeliweza kulisema na mtoto angeliitikia kwa kichwa, kama siku zote. Ndipo wazo likamchoma kama mwiba: ni mara ngapi alikuwa amemalizia matakwa yake mwenyewe kwa kinywa cha mwanawe? Maziwa yale ya dukani, je, Tasnim aliwahi kweli kuyataka?

"Na-na-na..."

Olfa aliuma mdomo wa chini. Mbali kidogo, Raudha alikuwa ameinama akiosha sinia, hakuinua uso. Watoto wa kundi la Mbayuwayu waliacha kurushiana maji wakangoja. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya Olfa, tangu uchungu wa kuzaa, iliyokuwa ngumu kama kunyamaza kule. Na alipokuwa akinyamaza, aliuona uso wa mwanawe ukitulia, kwa sababu kila aliyempenda pale alikuwa akimpa muda, na muda ule mama peke yake hakuwahi kuwa nao. Naam, Bi Mabruka hakutania, wala wahenga hawakukosea: mkono mmoja haulei mwana.

Tasnim alimeza mate, akainua kichwa, akasema kwa sauti iliyofika mpaka penye bendera:

"Nataka kubaki, Mama, na wewe uje tena Jumapili."